Dereva Asiyelala Chini

Amoni Silwimba aliendesha malori tangu ujanani hadi ndevu zikaota mvi, na sehemu kubwa ya maisha hayo alilala kabini, nyuma ya usukani, kwenye kitanda chembamba ambacho mkewe alikiita rafu. Alilala Kapiri Mposhi, alilala Ndola, alilala kwenye foleni ya hapa hapa Tunduma, mahali ambapo kwake palikuwa karibu kiasi cha Ruti, mkewe, kumletea uji kwa miguu ukiwa bado unatoa mvuke.

"Baba Angel, njoo ulale kitandani kwako," Ruti alimwambia akiwa amesimama barabarani, kikombe amekinyanyua juu ya kichwa.

"Mzigo ni wa watu," Amoni alijibu kutoka juu, akinyoosha mkono kuupokea uji.

Sisi tuliopanga naye ua mmoja pale mtaa wa Sogea tulimsifu kwa uaminifu wake. Tulimsifu bure, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.

Alipostaafu, goti la kushoto, la mguu wa klachi, lilikuwa limekwisha. Daktari alimwambia aachane na ngazi, vilima na kuchuchumaa.

"Sasa nimebaki na nini?" Amoni aliuliza.

"Tambarare," alisema daktari.

Wakati huo wenzake walikuwa wanajenga. Ruti hakutaka kusikia habari za kujenga. Amekaa sokoni miaka mingi akiuza mchele wa Kamsamba, na amewaona wateja wake wakianza msingi wakiwa na meno yote na kuezeka wakiwa na mapengo. Alitaka nyumba iliyokwisha, yenye mlango unaofungwa na choo cha ndani, aingie apike. Na nyumba za namna hiyo zilikuwepo mbili kwenye ghorofa moja la rangi ya parachichi, juu kidogo ya soko. Moja ilikuwa chini kabisa, ya mama mmoja aitwaye Judith. Nyingine ilikuwa ghorofa ya tatu, ambako hakuna kingine juu yake isipokuwa tenki la maji, na hiyo ilikuwa ya Felix, kijana anayeshughulika na kutoa mizigo ya watu mpakani.

Ruti alitaka ya chini. Amoni alitaka ya juu. Ua mzima tulijua, kwa sababu kuta za Sogea ni nyembamba.

"Goti lako je?" Ruti aliuliza.

"Goti litazoea."

"Na magunia yangu ya mchele nani atayapandisha?"

"Vijana wapo."

"Vijana wa nani? Chini nina mlango wa nyuma, nafuga kuku, napanda mboga za chainizi. Juu nitapanda nini, nguo za kuanika?"

Amoni alikaa vizuri kwenye kiti. "Sikiliza, Mama Angel. Nyumba ya chini ni ya kuhifadhia mbolea. Vumbi la malori lote linaishia dirishani. Kila apitaye anajua mmekula nini. Mwizi hahitaji hata ngazi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia bila hodi. Halafu kuna chemba."

"Chemba gani?"

"Chemba ya choo iko hatua mbili tatu kutoka kwenye mlango wa jikoni. Ikiziba, vya watu wa juu wote vinatokea kwako."

Ruti alimgeukia. "Umeijuaje?"

"Nilikwenda kuitazama. Nilifunua mfuniko."

"Kumbe ulikwenda!"

"Nilikuwa napita."

Wakakubaliana wakazione zote mbili, ya juu kwanza.

Ruti ndiye aliyenisimulia namna walivyopanda, na kila akisimulia hulazimika kukaa chini. Amoni alianza ngazi kwa kishindo kama kijana. Kabla ya kufika ghorofa ya kwanza alisimama kuusifia ukuta. Alisema rangi ile ni nzuri, akaigusagusa, akauliza ni ya kampuni gani. Kwenye ghorofa ya kwanza alikuta mama anakaanga maandazi mlango ukiwa wazi, akamsalimu, akamuulizia watoto, akamuulizia wazazi, mpaka yule mama akaona bora ampe kiti na chai. Kwenye ghorofa ya pili alimkuta mzee Osea, fundi cherehani, akashauriana naye kuhusu suruali ambayo hakuwa na mpango wa kuishona. Felix aliyekuwa akiwasubiri juu aliteremka kuwatafuta, akadhani wamepotea njia.

"Shikamoo, mzee. Mmekwama wapi?"

"Marahaba. Tulikuwa tunaikagua ngazi," alisema Amoni huku akihema.

Lakini alipofika juu, Ruti anasema, uso ulibadilika. Aliingia barazani, akashika chuma cha baraza kwa mikono miwili kama usukani, akatazama. Malori yote yalikuwa chini yake, yamepangana hadi yanapokata kona. Ng'ambo ya mpaka aliiona Nakonde ya Zambia na mapaa yake, na upande mwingine milima imelala kwenye ukungu. Alisimama pale muda mrefu. Felix alianza kueleza habari za upepo na usalama, kwamba mwizi hawezi kufika huko, kwamba vumbi linachoka njiani.

"Na maji?" Ruti aliuliza.

"Maji yanakuja, mama."

"Yanakuja yenyewe?"

Felix alitazama ndoo tano zilizokuwa nyuma ya mlango. "Yanakuja kwa kufuatwa," alikiri.

Kuteremka ndiko kulikuwa balaa. Goti lilikataa kabisa kwenda mbele. Amoni alijaribu ngazi moja, akajaribu ya pili, akageuka. Kwa maisha yake yote alikuwa ameshuka kwenye lori kinyumenyume, uso ukitazama kabini, mkono umeshika chuma, na mwili ule ulikumbuka. Akashuka ghorofa zote tatu kwa kurudi nyuma. Mzee Osea alitoa kichwa mlangoni, akamwona mtu anamjia kwa kisogo, akarudi ndani. Watoto wa ghorofa ya kwanza walielewa haraka. Walijipanga pembeni wakapiga ile sauti ya lori linalorudi nyuma, "Tiii! Tiii! Tiii!" na mmoja akasimama nyuma yake akimwelekeza kwa mikono: njoo, njoo, kata kulia, njoo, simama!

"Asante, mukwai," Amoni alimwambia yule mtoto kwa heshima, kama alivyozoea kuwaambia Wazambia walioelekeza lori lake.

Ruti hakucheka mpaka walipofika nyumbani.

Kesho yake walikwenda kwa Judith. Ni mama mnene, mchangamfu, amefiwa na mume zamani. Nyumba yake ilikuwa safi, sebule pana, na madirisha yalikuwa na vioo vile vya giza ambavyo aliye nje hujiona mwenyewe, na aliye ndani humwona yeye.

"Dada Judith," Ruti alisema, akipapasa ukuta kutafuta unyevu, "nyumba nzuri namna hii unaihamaje?"

Judith alijifunika uso kwa kitenge. "Naolewa."

"Kwa umri huu?" Amoni alisema kabla hajajizuia. Ruti alimfinya.

"Kwa umri huu huu, shemeji. Anaitwa Gibson, analima kahawa huko Mbozi. Alikuja mjini kununua mabati, akasimama hapo kwenye kioo changu kujitoa punje ya mahindi kwenye meno. Mimi nimekaa hapa hapa nakula. Akafungua mdomo wote. Nikacheka, akasikia, akaanza kuliomba radhi dirisha."

"Na wewe ukampenda mtu wa namna hiyo?"

"Ni msafi," alisema Judith. "Tena aliomba radhi vizuri."

Akawaambia kwamba anakwenda kwao Ndalambo kuwaeleza wazee, na wazee wake hawaelezeki haraka. "Ninyi kaeni humu mpaka nirudi. Lete na mchele wako, Mama Angel, nafasi ipo. Nikiwaeleza uzuri wake mimi mtadhani nasifu ili niuze. Kaeni muone wenyewe."

Wakahamia kwa majaribio, wakiwa na godoro, sufuria, na magunia ya Ruti yaliyokuwa yamefika kutoka Kamsamba.

Ubaya wa nyumba ya chini ulijitokeza kabla hata chai haijachemka. Watu waligonga. Waligonga kuuliza Felix yuko ghorofa ya ngapi, waligonga kuacha mzigo wa mama maandazi, waligonga kuuliza kama mbwa aliyepita ni wao. Mmoja aligonga akaomba chumvi, alipopewa akauliza kama na nyanya ipo. Amoni alimtazama Ruti kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi.

Halafu maji yakaja. Maji ya bomba Tunduma huja yanapotaka, na yakija hayana nguvu ya kupanda ghorofa. Bomba la Judith, nje ya mlango wa jikoni, lilimwaga kama limefunguliwa na mwenye hasira. Bomba la ghorofa ya kwanza lilidondosha. La pili lilikohoa. La tatu halikusema kitu. Muda si mrefu jengo zima lilikuwa mlangoni kwa Ruti na ndoo, Felix akiwa wa mwisho akiwa amevaa tai, na Ruti amesimama katikati akipanga nani atangulie.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Nani anamfuata nani hapa?"

Amoni alikuwa amempa kisogo. Alikuwa amegundua dirisha.

Barabara yote ilikuwa inakuja kujitazama pale. Kuna mwanamke alisimama akabana kanga, akajigeuza, akajisifu kwa sauti. Kuna mzee wa kanisa alijaribu tabasamu kadhaa, akachagua moja akaondoka nayo. Amoni aliburuta kiti hadi karibu. Aliyezoea kutazama dunia ikipita kiooni hawezi kukaa ameupa ukuta uso.

Siku moja mchana alikuja kijana amevaa shati jipya, mkunjo wa dukani bado uko kifuani. Alisogea hadi pua ikakaribia kioo, akakohoa.

"Baba," alikiambia kioo, "mimi naitwa Ipyana. Mimi ni kijana mwenye malengo. Binti yako Yunisi nimemwona..."

"Umemwona wapi?" Amoni aliuliza.

Kijana aliruka nyuma nusura aingie kwenye mfereji. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kwenye kioo kwa adabu. "Shikamoo."

"Marahaba. Umemwona wapi Yunisi?"

"Kwenye kwaya. Nani wewe, mzee?"

"Mwenye dirisha. Huyo Yunisi ni binti wa nani?"

"Wa mzee Osea, ghorofa ya pili. Ndiyo nilikuwa najiandaa nipande."

"Awe!" Amoni alikataa kwa Kibemba, kama alivyokuwa akikataa bei ng'ambo. "Unapanda wewe mwenyewe kujisemea? Unaomba mchumba au unaomba kazi? Mshenga wako yuko wapi?"

"Sina mtu hapa mjini, mzee. Kwetu ni Kamsamba."

Amoni alifikiri. Aliikumbuka ile ngazi, akalikumbuka goti. "Ingia ndani," alisema mwishowe. "Maji yameanza kutoka, atateremka mwenyewe."

Mzee Osea alipoteremka na ndoo yake alikuta ametengewa kiti karibu na bomba, na Ruti akimmiminia chai. Hakuelewa heshima hiyo imetoka wapi. Amoni alianza mbali: alianza na habari za mvua, akapitia bei ya vitambaa, akazungumzia ugumu wa kupata vijana wanaosalimia. Foleni yote ya ndoo ilitega masikio. Alipofika kwenye jina la Yunisi, mzee Osea alimtazama Ipyana aliyekuwa amejibanza nyuma ya Felix.

"Huyu ndiye anayejitazamaga kwenye kioo?"

"Ndiye," alisema Amoni. "Lakini alikuwa anajitazama kwa ajili yako."

Mzee Osea alicheka mpaka maji ya ndoo yakamwagikia viatu. Hakukubali siku ile, maana hakuna baba anayekubali bombani, lakini alisema waje rasmi, na mshenga abaki huyo huyo.

"Ungekuwa juu," Ruti alisema jioni wakila, "ungemfuata mzee Osea kwa goti gani? Huku amekuja mwenyewe, na ndoo kabeba."

"Sijakataa uzuri wa nyumba hii," alisema Amoni. "Nimekataa kulala."

"Kulala kuna nini?"

Akabadilisha mazungumzo.

Jibu Ruti alilipata alasiri moja aliporudi sokoni mapema. Alifungua mlango akasikia mkoromo. Huo mkoromo hakuwa ameusikia tangu Amoni astaafu. Pale Sogea sote tulimsikia akiamka kabla ya jogoo, akijichemshia chai, na tulidhani ni goti. Ruti alitazama kwenye godoro, hapakuwa na mtu. Alitazama kwenye kiti cha dirishani, kitupu. Mkoromo ulikuwa unatoka juu. Mumewe alikuwa amelala juu ya magunia ya mchele, yaliyopangwa karibu yafike dirisha linapoishia, amejinyoosha chali, mikono kifuani, viatu amevipanga vizuri kwenye gunia la pembeni.

"Baba Angel!"

Amoni alifumbua macho. "Tumefika?"

"Tumefika wapi? Umepandaje huko?"

"Kwa kiti." Alitazama chini. "Kushuka ndiko sikukupangia."

Ikabidi Ipyana aitwe, ambaye siku hizo hakuwa mbali na jengo lile, akamshika mzee kiuno, na Amoni akashuka kinyumenyume kama kawaida yake. Ruti alimkalisha.

"Sasa niambie."

Akamwambia. Tangu ashuke kwenye lori hajawahi kupata usingizi wa maana. Akilala karibu na ardhi anasikia magurudumu yanapita usawa wa kichwa chake. Barabarani anayelala chini ni aliyeanguka, au aliyepata ajali, au anayetengeneza breki, na huyo wa breki hatakiwi kulala. Ndiyo maana alitaka nyumba ya Felix. Goti alijua litakufa kwenye zile ngazi, lakini aliona bora goti life yeye alale.

Ruti alitaka kucheka, akaona macho ya mumewe yamejaa aibu, akajizuia. "Miaka yote hii unanidanganya kwamba mzigo ni wa watu?"

"Mzigo ulikuwa wa watu," alisema Amoni. "Na usingizi ulikuwa wangu."

Judith aliporudi kutoka Ndalambo wazee wakiwa wamekubali, Ruti alimwambia wanainunua. Asubuhi iliyofuata alimfuata Gwamaka, fundi wa kuchomelea.

"Nataka kitanda kirefu," alimwambia.

"Urefu wa miguu ya mzee?"

"Urefu wa kwenda juu."

Gwamaka alifikiri wanataka dabodeka, akasema hicho ni kitanda cha wanafunzi. Amoni aliona maelezo hayatoshi, akampeleka kwenye foleni ya malori, akachagua lori moja, akamwambia apime kutoka ardhini hadi kilipo kitanda cha kabini. Gwamaka akanyoosha futi yake. Dereva wa lori lile, alipomwona mtu na futi na mzee anayetikisa kichwa, aliteremka haraka akaanza kueleza habari za matairi yake, kwamba mapya yako njiani, kwamba bosi ameshaambiwa. Amoni alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia abadilishe la nyuma kulia, akaondoka.

Kitanda hakikupita mlangoni, ikabidi kichomelewe ndani, na jengo zima likajaa harufu ya chuma. Kina vipandio vitatu vipana na chuma cha kushika. Daktari alipopata habari alimuuliza kama hakumkataza ngazi. Amoni alimjibu kwamba hizo si ngazi, hivyo ni vipandio. Ruti analala chini, kwenye kitanda cha watu wa kawaida, na akitaka kumwambia mumewe jambo anagonga chuma kwa kijiko.

Si kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Masika ya kwanza chemba iliziba. Yaliyotokea mlangoni kwa Ruti asubuhi ile sitayaandika, maana kuna watu wanasoma wakiwa wanakula. Amoni alisimama juu ya tofali, mabuti miguuni, akisema "Nilisema! Nilisema mimi!" kwa furaha ya ajabu, kama mtu aliyepokea mgeni aliyekuwa akimsubiri. Ruti hakubishana naye. Alifunga bomba, akaenda kugonga mlango mmoja mmoja mpaka juu, akawaambia wote kwamba maji hayatafunguliwa mpaka kila nyumba itoe mtu mmoja na koleo. Walitoka wote. Felix alitoka na tai.

Kuku sasa wapo, wawili wameshaibiwa, kama Amoni alivyotabiri. Vumbi liko kila mahali. Chainizi inaota vizuri kuliko ilivyotegemewa, na kwa nini inaota vizuri hivyo ni swali ambalo wateja wa Ruti hawajawahi kuliuliza.

Nilikwenda kuwatembelea juzi, siku ya maji. Nilikuwa nimekaa na Amoni mlangoni alipokuja Felix na ndoo zake, ametota jasho, shati limemganda mgongoni. Nyumba yake bado haijapata mnunuzi. Wote wanaokuja kuiona wanaishia kwa mama maandazi. Alitua ndoo, akasalimia, akasogea kwa Amoni, akasema kwa sauti ya chini.

"Mzee, nimekuwa nikifikiri. Ninyi mlipenda sana kule juu, mimi nilikuona ulivyotazama. Tubadilishane. Mimi nije chini, ninyi mpande. Sitaki nyongeza."

Amoni alinyanyua macho hadi ghorofa ya tatu, pale kwenye chuma cha baraza. Aliyaacha huko muda mrefu kidogo kuliko nilivyotegemea.

"Upepo wa kule ni mzuri," alisema.

"Mzuri sana, mzee."

Ruti alikuwa ameinama bombani. Hakuinuka. "Felix, mwanangu," alisema, "ndoo yako imejaa. Itoe, wenzako wanasubiri."